Tairi Linalokwaruza Baada ya Kubadilisha Rimu kwenye Gari Dogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya wenye magari madogo kama Vitz, IST, Passo, March na Fit, ambao wamebadilisha rimu au matairi na kisha wakaanza kusikia mkwaruzo. Magari ya aina hii ni mengi katika mitaa ya Mtwara Mjini, Masasi na Lindi, na kwa kuwa mengi yaliletwa yakiwa yameshatumika Japani, kitabu cha maelekezo cha gari, kama kipo, huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Jambo ninaloliomba kwa kila msomaji, kabla ya jibu lolote linalofuata, ni hili: itafute alama ya mguso kwanza. Usikate plastiki, usigonge fenda wala usinunue kifaa chochote kabla hujaona kwa macho yako mahali tairi linapogusa.

Nimefunga rimu mpya jana, na leo nasikia mkwaruzo. Nianzie wapi?

Anza kwa kutambua ni wakati gani sauti inatokea, kwa sababu wakati wa sauti hukuambia sehemu ya kutazama. Ikiwa inasikika tu usukani unapokatwa hadi mwisho, kwa mfano unapogeuza gari kwenye maegesho, basi tairi la mbele linagusa plastiki ya ndani ya fenda, kona ya bampa, stabilaiza (nondo inayopunguza gari kuinama kwenye kona) au fremu. Ikiwa inasikika gari linapopita kwenye tuta au linapokuwa na mzigo huku likienda moja kwa moja, tairi linagusa juu, kwenye ukingo wa fenda au kwenye plastiki ya juu yake, na mara nyingi ni matairi ya nyuma. Ikiwa inasikika muda wote, usukani ukiwa katika hali yoyote na barabara ikiwa tambarare, mshuku shokapu ya mbele, au kitu kingine kabisa ambacho si tairi.

Zima redio, fungua vioo, na umwombe mtu atembee kando ya gari wakati wewe unaendesha polepole sana kwenye eneo la wazi. Mtu aliye nje husikia upande na kona kwa usahihi ambao dereva, aliyezungukwa na mabati, hawezi kuupata.

Alama ya mguso inaonekanaje, na nitaipataje?

Tairi likisugua plastiki huacha mstari unaong'aa, kana kwamba mtu amepitisha pasi hapo, na pembeni yake hubaki unga mweusi wa mpira. Likisugua bati huondoa rangi na kuacha chuma cheupe, ambacho katika hewa ya chumvi ya pwani yetu hupata kutu mapema, kwa hiyo alama ya zamani huwa ya rangi ya kahawia na ya sasa huwa nyeupe. Kwenye tairi lenyewe tazama bega, yaani pale kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zinapokutana na ubavu, kisha utazame ubavu wa ndani ambao huuoni mpaka ulale chini au ukate usukani.

Ikiwa huoni kitu, tumia chaki ya kawaida ya shuleni. Paka chaki nzito kwenye mabega yote mawili ya tairi, la nje na la ndani, kisha endesha mwendo wa kutembea kwa miguu huku umekata usukani hadi mwisho upande mmoja, simama, na utazame chaki imehamia wapi. Rudia kwa upande wa pili, na urudie tena ukirudi kinyumenyume, kwa kuwa mkwaruzo mwingine hutokea wakati wa kurudi nyuma peke yake. Safisha kwanza sehemu ya ndani ya fenda kwa maji na uiache ikauke, maana vumbi jekundu la barabara za udongo huficha kila kitu.

Inasaidia pia kujua jinsi tairi linavyosogea. Ukikata usukani kulia, ukingo wa mbele wa tairi la kulia hutoka kuelekea nje ya fenda, na ukingo wake wa nyuma huingia ndani kuelekea fremu. Tairi la kushoto hufanya kinyume chake. Kwa hiyo mkwaruzo wa kona moja unaweza kuwa unatoka kwenye tairi usilolitarajia, na ni kosa kuamua kwamba kwa sababu umekata kulia basi tatizo liko kulia.

Nililiinua gari kwa jeki, nikazungusha tairi kwa mkono na halikugusa mahali popote. Je, gari ni zima?

Jeki haiwezi kukupa jibu hilo. Gari likiinuliwa, tairi hushuka mbali na fenda kwa sababu springi hazibebi tena uzito, na nafasi unayoiona pale haipo gari likiwa barabarani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni gari likiwa chini kwa uzito wake wote, watu watatu wamekaa nyuma, na wewe unapima kwa vidole nafasi iliyobaki. Jeki inafaa kwa jambo moja tu katika suala hili, nalo ni kutazama nafasi iliyo kati ya tairi na shokapu, ambayo haibadiliki sana gari likiinuliwa.

Kwa nini shokapu izungumziwe peke yake?

Kwa sababu katika magari haya shokapu ya mbele imefungwa pamoja na habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, hivyo inageuka pamoja na tairi na kupanda na kushuka pamoja nalo. Maana yake ni kwamba tairi likiigusa shokapu, au bakuli la springi lililo juu yake, litaigusa daima, usukani ukiwa wima au umekatwa, gari likiwa tupu au limejaa. Hakuna kuinua gari kutakakoondoa mguso huo. Pima nafasi kati ya ubavu wa tairi na shokapu: isipungue milimita 5 au 6, maana tairi hupinda kwenye kona na huweza kubeba tope. Kama nafasi haifiki hapo, rimu hiyo haifai kwa gari hilo jinsi ilivyo.

Muuzaji aliniambia tairi lolote la inchi inayofanana na rimu litafaa. Je, ni kweli?

Inchi ya rimu ni sehemu moja tu ya kipimo. Chukua mfano wa gari lililotoka kiwandani na tairi lililoandikwa 175/65R14. Namba 175 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu ni 175 mara 0.65, sawa na milimita 113.75. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo unazidisha mara mbili kupata 227.5, kisha unaongeza rimu ya inchi 14 ambayo ni milimita 355.6. Tairi zima lina kimo cha milimita 583.

Sasa mwenye gari anataka rimu za inchi 15 kwa sababu zinapendeza, na tairi la inchi 15 linalopatikana kirahisi madukani ni 195/65R15, ambalo limezoeleka kwenye magari makubwa kuliko hayo. Ukipiga hesabu ileile unapata milimita 634. Tairi limekua kwa milimita 51, yaani takribani milimita 26 zaidi kwenda kila upande kutoka katikati ya habu, na zaidi ya hapo ni pana kwa milimita 20. Hakuna fundi atakayeliondoa tatizo hilo kwa nyundo. Lakini mwenye gari huyohuyo angechagua 185/55R15 angepata milimita 584, karibu sawa kabisa na tairi la mwanzo, na rimu zake za inchi 15 angebaki nazo.

Tairi refu lina athari nyingine. Mita ya mwendo huhesabu mizunguko ya tairi, kwa hiyo na lile la milimita 634, mita ikionyesha 50 gari linakwenda zaidi ya 54. Wewe unaamini umeshika mwendo unaoruhusiwa mjini, kumbe umeuzidi.

Kipimo cha asili cha gari lako kipo kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Hata kama maneno ni ya Kijapani, namba zinasomeka, na pamoja nazo utakuta kiwango cha upepo.

Kipimo cha tairi ni kilekile cha kiwandani, lakini bado linagusa. Inawezekanaje?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na ni haki yao, kwa sababu kinachosababisha hakionekani tairi likiwa limefungwa. Kinaitwa ofseti, na huchongwa nyuma ya rimu kwa herufi ET na namba, kwa mfano ET45. Ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaokaa juu ya habu. Namba ikiwa kubwa, rimu huzama ndani kuelekea shokapu; ikiwa ndogo, rimu hutoka nje kuelekea fenda. Karibu nayo huwa kuna upana wa rimu kwa inchi, kwa mfano 5.5J.

Tuseme rimu ya zamani ilikuwa 5.5J ET45 na mpya ni 6.5J ET35. Rimu mpya ni pana kwa inchi moja, yaani milimita 25.4, na nusu ya upana huo, karibu milimita 13, huenda kila upande. Kwa upande wa nje unajumlisha milimita 10 za tofauti ya ofseti, hivyo ukingo wa nje umetoka kwa karibu milimita 23. Kwa upande wa ndani unazitoa zilezile 10, na ukingo wa ndani umeingia kwa karibu milimita 3 tu. Gari hilo litagusa fenda na kona ya bampa, na shokapu itakuwa salama au karibu salama. Hesabu hii ya dakika mbili, ukiwa na karatasi na rimu zote mbili mbele yako, ina thamani kuliko kushindana na muuzaji kwa maneno.

Je, inawezekana sauti isiwe ya tairi kabisa?

Ndiyo, na mara nyingi. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kuzuia vumbi, ambalo hupindwa kirahisi fundi anapong'oa au kurudisha rimu, kisha husugua diski kwa mlio mwembamba wa chuma unaofuata mwendo wa tairi. Linarudishwa kwa kidole au bisibisi. Vyuma vidogo vya balansi vinavyobandikwa ndani ya rimu navyo huweza kugonga kalipa, yaani sehemu inayobana diski ya breki, na hapo utasikia mlio mmoja wa kugonga kwa kila mzunguko. Jointi ya draivushafti (mhimili unaozungusha tairi) iliyochakaa hulia ka-ka-ka gari linapokata kona huku umekanyaga mafuta, na beringi ya habu huvuma kadiri mwendo unavyoongezeka. Viwili hivi vya mwisho huenda vilikuwepo kabla ya rimu mpya, ila ni sasa tu umeanza kusikiliza.

Kisha ipo plastiki ya ndani ya fenda. Hushikiliwa na klipu ndogo ambazo hukatika au hudondoka, na maji mengi huisukuma kutoka mahali pake, kama inavyojulikana kwa yeyote aliyeendesha gari dogo kwenye madimbwi ya masika. Plastiki ikining'inia kwa sentimita mbili, hata tairi la kiwandani litaikwaruza. Nimeona mwenye gari akiwa tayari ameshalipia matairi mengine manne, ilhali alichohitaji ni klipu tatu. Ishike kwa mkono na uitikise. Isipotulia, anzia hapo.

Linagusa upande mmoja tu, ingawa matairi yote ni ya kipimo kimoja.

Basi rimu huenda si mkosaji peke yake. Egesha mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti ikifika sentimita moja na nusu, springi ya upande ulioshuka imechoka au imekatika pete. Vipimo vikilingana, kagua mkono wa chini wa sispensheni, bushi zake na bolijointi (kiungo kinachoruhusu tairi kugeuka), kwa maana shimo moja lililopigwa kwa kasi linatosha kupinda mkono huo na kulirudisha tairi nyuma kuelekea plastiki. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa pia huwa na fenda isiyokaa sawa na mwenzake. Alaimenti ipimwe baada ya vipuri vibovu kubadilishwa, si kabla.

Mjini gari ni kimya, lakini msimu wa korosho nikipakia magunia linakwaruza nyuma. Nifanye nini?

Hilo lilinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa nimefunga rimu pana nilizouziwa kwa uhakika kwamba hazina tatizo, na kwa wiki tatu katika mitaa ya Mtwara Mjini sikusikia chochote. Siku niliyotoka Newala na abiria wanne na magunia nyuma, katika kona za kuteremka kuelekea Masasi nilisikia harufu ya mpira ulioungua kabla sijasikia sauti. Niliposimama nilikuta ukingo wa bati la fenda umechora mfereji kwenye bega la tairi, kuzunguka pande zote. Nilishusha abiria wawili na nusu ya mzigo, na sijawahi tena kufunga rimu bila kuijaribu kwa mzigo.

Magari haya yana ekseli ya nyuma isiyogeuka, kwa hiyo mguso wa nyuma hutokana na kushuka kwa gari tu. Kagua mambo matatu: je, springi za nyuma bado zina kimo chake, je, raba zinazozuia gari kushuka kupita kiasi bado zipo kwenye shokapu, kwa kuwa zikichakaa husagika na kubaki vumbi, na je, mzigo wenyewe hauzidi kiwango cha gari? Ubavuni mwa tairi pia kuna namba ya uwezo wa kubeba. Namba 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500, na 86 ni kilo 530. Usifunge tairi lenye namba ndogo kuliko ya asili kwa sababu tu ni jembamba na halitagusa.

Je, upepo mdogo unaweza kusababisha mkwaruzo?

Unaweza kuuongeza, kwa kuwa tairi lililolegea hutanuka ubavuni na hulala kwenye kona. Magari mengi madogo huhitaji karibu kilopaskali 220, sawa na 32 kwa kipimo tunachosoma kwenye pampu zetu, lakini fuata kibandiko cha mlango. Pima asubuhi kabla ya safari. Aliyepunguza upepo ili apite kwenye mchanga wa Msimbati aujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Fundi ameshauri spesa. Je, ni salama?

Spesa ni bamba linalowekwa kati ya rimu na habu; husukuma rimu kutoka kwenye habu, hivyo husaidia pale tu tairi linapogusa ndani, kwenye shokapu au mkono wa sispensheni. Likigusa fenda, spesa itazidisha tatizo. Hatari yake ipo kwenye nati. Toyota na Honda ndogo hutumia bolti za milimita 12 zenye hatua ya nyuzi (umbali kati ya uzi mmoja na mwingine) ya milimita 1.5, kwa hiyo spesa ya milimita 5 huondoa zaidi ya mizunguko mitatu ya nati. Hesabu mizunguko unapofunga kwa mkono: ikipungua 8, usiondoke na gari hilo, bali ufungiwe bolti ndefu zaidi. Nissan hutumia hatua ya 1.25, na nati yake isilazimishwe kwenye bolti ya Toyota hata kama inaanza kuingia.

Angalia pia tundu la katikati ya rimu. Habu ya Vitz ina kipenyo cha milimita 54.1 na ya Fit 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi hukaa upande ikiwa nati hazikufungwa kwa mpangilio wa msalaba, na matokeo yake ni mtikisiko wa usukani ambao wengi hudhani ni balansi. Pete ya plastiki au ya alumini yenye kipimo sahihi huliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Na kuliinua gari kwa kuweka raba kwenye springi au vipande juu ya shokapu?

Kunaongeza nafasi kati ya tairi na fenda, hilo sikatai, na kwa barabara za Tandahimba au Ruangwa wakati wa mvua naelewa kwa nini watu hulipenda. Lakini hakusaidii mguso wa shokapu, na kidogo sana husaidia mguso wa usukani uliokatwa. Kadiri unavyoinua, ndivyo draivushafti zinavyofanya kazi kwa pembe kali zaidi na bolijointi zinavyochoka mapema. Raba zinazobanwa katikati ya pete za springi ndizo nisizozikubali hata kidogo, kwa sababu huizuia springi kufanya kazi pale zilipobanwa, na mkazo wote huhamia kwenye pete zilizobaki.

Ninaweza kukata plastiki au kukunja ukingo wa fenda?

Ikiwa chaki imeonyesha mguso mdogo kwenye plastiki, unaweza kuilainisha kwa hewa ya moto na kuisukuma nyuma, au kukata sehemu ndogo iliyochorwa alama, mradi usiache waya au matundu ya bati wazi kwa maji. Kukunja ukingo wa fenda kunawezekana pia, ila rangi hupasuka, na kando ya bahari kutu haikawii. Sehemu iliyokunjwa ipakwe praima na rangi siku hiyohiyo.

Tairi langu limeshachorwa alama. Je, bado linafaa?

Bega likichunika juujuu tu, tairi linaweza kuendelea baada ya chanzo kuondolewa. Ubavu ukikatwa, ukivimba, au nyuzi zikionekana, tairi hilo halizibwi na halifai hata kama akiba.

Nimeona tairi linasugua mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki.

Usiendeshe. Rudisha rimu za zamani hapohapo ulipo, na mpira huo ukaguliwe, ubadilishwe kama umechubuka.

Nitafanyaje ili nisinunue tena rimu zisizofaa?

Nenda dukani na kipimo cha kibandiko, na ET pamoja na upana wa rimu zako vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Kabla ya kulipa, omba tairi moja lifungwe mbele, gari lishushwe chini, na usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili. Kisha lifungwe nyuma, na watu watatu wakae kiti cha nyuma. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, usimlipe. Na kama unajiandaa kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, fungia rimu mpya siku chache kabla, uzunguke nazo kati ya Mtwara na Mikindani, ukaze nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100, kisha ulale chini na tochi utazame ubavu wa ndani wa kila tairi.